Baba Mkwe Kwenye Jopo

Nafasi ilikuwa moja tu, ya Kiswahili na Historia, katika shule ya sekondari ya kutwa mjini Keroka, na habari zake zilinikuta ubaoni nikiwa na chaki mkononi. Nilikuwa nikifundisha Kidato cha Nne katika shule moja upande wa Kenyenya. Mwenzangu wa Hisabati alichungulia mlangoni, akaniita kwa kidole, akaninong'oneza: "Dada, wametangaza. Keroka. Masomo yako yote mawili." Nilirudi ubaoni nikaendelea na kipindi, lakini msiniulize nilifundisha nini. Wanafunzi walinitazama nikitabasamu peke yangu mbele ya insha ya kumbukumbu za mkutano, kitu ambacho hakijawahi kumchekesha mtu yeyote.

Ili mnielewe, lazima nieleze kidogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa bodi. Mwalimu wa bodi huajiriwa na bodi ya shule na kulipwa na karo za wazazi, wazazi wakilipa. Hana bima, hana uhamisho, hana pensheni, na shule zikifungwa mshahara wake nao huenda likizo. Mwalimu wa serikali yuko darasa la pili kutoka lake, anafundisha watoto wale wale kwa chaki ile ile, lakini yeye amefika. Digrii nilikuwa nayo. Namba ya usajili wa ualimu nilikuwa nayo pia, tena niliipata nikiwa bado binti wa nyumbani kule Nyacheki. Siku ile niliimba shambani tangu asubuhi, nikichuma majani chai pamoja na mama, nikidhani namba imetangulia na kazi iko nyuma yake inakuja. Kumbe namba ni namba na kazi ni kazi. Niliolewa, nikazaa, mtoto akaanza shule, na kazi bado iko njiani.

Kwa walimu wa sekondari, serikali inapotangaza nafasi, mahojiano hufanyiwa pale pale shuleni, mbele ya jopo. Kuna alama za cheti, kuna alama za miaka uliyokaa tangu uhitimu, na kuna alama za namna unavyojieleza na kufundisha. Ndiyo, kusubiri kwenyewe kuna alama. Wanakuchelewesha, halafu wanakupa maksi kwa kuchelewa. Nikiwa na hasira nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti katika chumba cha walimu, na wenzangu wa bodi walicheka kicheko cha watu wenye meno yanayouma.

Ijumaa ile ile nilipanda gari nikaenda nyumbani kwa mume wangu, kijiji kimoja nje ya Keroka, upande wa Nyamira. Mume wangu huuza vipuri vya pikipiki mjini Kisii na hurudi mwisho wa wiki. Mama mkwe alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilimwambia habari nikiwa bado mlangoni, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alitupa kisu chini.

"Keroka? Shule hiyo ya pale juu?" akasema. "Si mwenyekiti wa bodi yao ni mzee wetu!"

Furaha yangu ilisimama ghafla. Baba mzazi wa mume wangu alifariki kabla sijaolewa, na mdogo wake ndiye aliyechukua mahali pake. Ndiye aliyepeleka ng'ombe kwetu Nyacheki. Ndiye aliyezungumza na baba yangu siku ya posa. Kwa hiyo kwangu mimi yeye si mjomba wala ami wa mume. Ni baba mkwe, na kwetu Wagusii baba mkwe ana mipaka yake, tunaiita chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Simpi mkono. Siketi naye benchi moja. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayetoka kando, ninasalimu kwa mbali nikitazama nyasi, naye anaitikia akitazama milima. Nyumba yangu hajawahi kuingia hata siku moja, na mvua ikimkuta mlangoni kwangu ataona heri alowe. Watu wa mbali hudhani huku ni kuchukiana. Sisi tunajua kwamba mzee yule ananipenda, na ndiyo maana anakaa mbali.

"Basi mambo yamekwisha," mama mkwe alisema, akiokota kisu. "Kesho Sabato, keshokutwa namkamatia jogoo, nampelekea."

"Mama, hapana."

"Jogoo si hongo. Jogoo ni salamu."

"Salamu yenye mabawa," nikamwambia, na akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilimkataza kabisa. Sikutaka kuingia serikalini kwa mlango wa jikoni baada ya kusubiri mbele ya nyumba miaka yote hiyo. Nilitaka siku moja nishinde waziwazi, mchana, watu wakiona. Hiyo ndiyo iliyokuwa haja yangu kubwa, kubwa hata kuliko mshahara, na anayefikiri ninajisifu anisamehe kwa sababu ninajisifu kweli. Isitoshe, nilimwuliza mama mkwe, mtu nisiyeweza kumpa mkono nitampaje hongo? Nimrushie?

Mume wangu alipofika alisikiliza yote akila, kisha akatoa ushauri wa kibiashara. "Nyamaza. Kitambulisho chako kina jina la baba yako. Mwalimu mkuu wa pale si mtu wa huku. Nani atajua?"

Sikumjibu ndiyo wala la. Moyoni nilikuwa na matumaini kwamba mzee mwenyewe, mzee wa kanisa, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, angeona jina langu kati ya majina, akajiondoa kimya kimya. Nikaanza kujiandaa. Wiki mbili nilifundisha hata sufuria. Mtoto wangu alikuwa mwanafunzi wangu wa sebuleni, akiinua mkono kuuliza kama anaweza kwenda kulala.

Mahojiano yalipangwa Ijumaa, na hilo lilimsumbua kila mtu. Nusu ya watu wa bodi ni Waadventista kama sisi, na Sabato huingia jua likitua Ijumaa jioni. Kazi ingepaswa kuanza mapema na kuisha kukiwa na mwanga, vinginevyo afisa wa walimu angerudi ofisini kwake na nafasi ingerudi naye, na nani ajuaye ingetangazwa tena lini.

Niliingia getini na umande bado uko kwenye nyasi. Nilikuwa nimevaa sketi ya kijivu, blauzi nyeupe, na viatu virefu nilivyoazima kwa dada yangu, ambaye mguu wake ni mdogo kuliko wangu na hakunieleza. Nje ya chumba cha walimu waliweka mabenchi, na juu ya kila paja palikuwa na faili ya plastiki yenye maisha ya mtu mzima: vyeti vya shule, cheti cha chuo, cheti cha usajili, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Nilisalimia wote. Moyo ulikuwa ukinidunda kama mtu anayetwanga, nami nilifurahia kule kudunda! Sikuwa nimejisikia hai hivyo kwa muda mrefu.

Kando yangu aliketi mwanamume mmoja wa makamo kutoka Nyamira, sweta safi, viatu vimeng'arishwa mpaka vinaona aibu kukanyaga. Alikuwa amehitimu zamani sana kabla yangu. Siku hizi alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria na aliiegesha pale getini. "Mimi kwa alama za kusubiri hakuna wa kunifikia," akaniambia akitabasamu. "Nimesubiri mpaka nimehitimu tena." Nilimpenda hapo hapo, nikamwogopa pia. Upande wa pili alikuwapo msichana aliyetoka chuo juzijuzi, kucha nyekundu, simu haitoki mkononi. "Hii job iko na mwenyewe, mnajua," akatuambia. "Sisi tumekuja tu kusindikiza." Yule mwanamume alimwambia, "Basi sindikiza vizuri, binti."

Nikaitwa wa kwanza.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mwalimu mkuu, mtu wa Kakamega, mwili wake mkubwa na sauti ya upole. Naibu wake, mama mwenyeji wetu wa Kisii. Afisa kutoka ofisi ya walimu, mama wa Pwani aliyehamishiwa huku, ushungi wake umefungwa vizuri na Kiswahili chake kinateleza hata alipokuwa anaomba maji tu. Nilipomsikia nilijiambia, leo mwalimu wa Kiswahili atajulikana. Na mwishoni mwa meza, kofia yake mapajani, alikuwapo baba mkwe wangu.

Hakuwa amejiondoa.

Waliponyoosha mikono nilisalimia mmoja mmoja. Mwalimu mkuu, mkono. Naibu, mkono. Afisa, mkono, na shikamoo juu yake, naye akafurahi, "Marahaba, mwanangu." Nikafika mwisho. Mzee alikuwa anatazama dirisha kwa bidii, kana kwamba mtu wa muhimu anakuja kutoka huko. Mikono yangu ilikwenda nyuma yenyewe. Nikainamisha macho, nikapita, nikaketi.

Afisa aliweka kalamu chini.

"Mwanangu, na mzee huyu je? Mbona umemruka?"

Yule naibu, mwenyeji wetu, alielewa papo hapo. Nilimwona. Aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na mkoba ule haukuwa na mwisho. Mwalimu mkuu alinitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena.

"Sisi kwetu," afisa aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, "kijana asiyemwamkua mzee hatumwachii hata mbuzi. Wewe unataka tukuachie watoto? Adabu ina alama hapa."

Niliona mambo yote kwa wakati mmoja. Nikikaa kimya, mimi ni mwanamke asiye na adabu na nimepoteza kazi. Nikinyoosha mkono, hakuna mtu atakayejua ila sisi watatu na Mungu, na mahojiano yataendelea. Nikisema, jopo limevunjika, afisa anaondoka, Sabato inaingia, na wote walioko kwenye yale mabenchi wamepoteza siku yao kwa sababu yangu. Nawaambieni kweli, niliuamuru mkono wangu uende. Ulikataa. Na kwa vile mimi nikibanwa huwa sina subira, mdomo ukatangulia.

"Madam, huyu mzee ni baba mkwe wangu," nilisema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Kwetu heshima yake ni mimi kutompa mkono. Kama ningemgusa hapa ndipo ningekuwa sina adabu. Tena si haki yeye anihoji, wala si haki kwa wale wenzangu walioko nje."

Mzee alisimama. Alivaa kofia yake polepole. Alizungumza na afisa, si na mimi, macho yake bado dirishani.

"Amesema kweli. Mimi ndiye niliyepaswa kusema asubuhi nilipoona jina. Nilifikiri nikinyamaza nimemsaidia mtoto." Akakohoa. "Sasa mimi sikai hapa tena. Nitakaa nje na hao wengine mpaka mmalize, watu wote wakiniona."

Niligeuza uso ukutani ili apite. Alipita. Nilisikia harufu ya sabuni yake ya kufulia na nikataka kulia, na sikujua ni kwa aibu au kwa fahari.

Mwalimu mkuu alijishika kichwa. "Sasa tumeharibika," akasema. Jopo haliwezi kuketi bila mwenyekiti wa bodi au makamu wake. Makamu alikuwa mama mfanyabiashara wa nafaka pale sokoni Keroka, na ilikuwa siku ya biashara. Alipigiwa simu mara ya kwanza, haikushikwa. Mara ya pili, haikushikwa, naibu akamwandikia ujumbe kumweleza yote. Afisa akatazama saa, akasema kazi isipoanza kabla ya saa nne atapanda gari lake aondoke. Nikaambiwa nitoke nje.

Nje, habari zilikuwa zimeshatangulia, maana dirisha lilikuwa wazi. Yule msichana wa kucha nyekundu alinitazama juu mpaka chini. "Si nilisema? Kumbe mwenyewe ndiye huyu!" Damu ilinichemka. Nilifungua mdomo, na yule mwanamume wa pikipiki akainua mkono. "Ngoja kwanza. Mtu aliye na lake hajitangazi hivyo."

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, katikati ya waombaji, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Benchi lilikuwa na nafasi tele. Mimi nikasimama kando ya tangi la maji, kwa viatu vya dada yangu, tangu hapo mpaka mwisho, kwa sababu nisingeweza kuketi pale alipo. Vidole vilikufa kimoja kimoja. Na bado, amini usiamini, nilikuwa na furaha ya ajabu ya kichaa. Nilikuwa nimesema! Kama kazi ingepotea, ingepotea huku kila mtu akijua mimi ni nani.

Saa nne ilikuwa imekaribia kabisa tuliposikia pikipiki. Makamu mwenyekiti alishuka akiwa bado na leso ya dukani kiunoni na vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi, akipiga kelele kabla hajafika chini. "Niko! Niko! Mlinipigia simu nikiwa ndani ya gunia!" Hata afisa alitoka mlangoni akacheka. Makamu alipita mbele yangu, akasimama, akaniuliza kwa Kigusii kama mimi ndiye yule mke aliyemtoa mzee nje. Nikasema ndimi. Akanipiga bega kwa mkono wenye unga, alama ikabaki kwenye blauzi nyeupe, akaingia.

Walianza upya, na mimi nikawekwa wa mwisho. Kila mwombaji alihojiwa, vyeti vikakaguliwa, kisha akaingia Kidato cha Tatu kufundisha kipindi kifupi, jopo likiwa nyuma ya darasa. Darasa lilikuwa karibu na tangi, kwa hiyo niliwasikia wote. Msichana wa kucha nyekundu alifundisha vizuri, alikuwa mwepesi, nikamsamehe nusu. Mwanamume wa pikipiki alianza kwa uzuri wa kutisha. Alieleza jambo kwa utulivu, kama mtu anayekunja nguo, na nikajiambia basi, kazi imeenda. Halafu mwanafunzi mmoja akamwuliza swali rahisi na sauti ikamkauka. Miaka mingi hakuwa amesimama mbele ya watoto. Alijaribu tena, akapata maneno, lakini mwendo ulikuwa umevunjika. Alitoka akipangusa mikono chaki, akaketi pale pale kando ya baba mkwe wangu. Mzee alimpa maji kutoka chupa yake.

Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limeshaegemea vilima. Mada yangu ilikuwa sajili, yaani namna lugha inavyobadilika kulingana na mahali. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu na mazuri. Nikaingia, nikawatazama wale watoto waliochoka kufundishwa jambo lile lile siku nzima na watu wageni, nikayatupa maelezo yote. Niliwaambia wafunge madaftari. "Wewe na wewe, hapa mbele ni soko la Keroka. Wewe unauza ndizi. Wewe unazitaka lakini huzipendi bei."

Binti aliyeuza ndizi alikuwa kipaji. "Kuja karibu customer, macho haishibi!" akapaza sauti, na darasa likapasuka. Mnunuzi akamwambia ndizi zake zimezeeka kuliko nyanya yake. Tukahamia hospitalini, tukahamia mahakamani, ambako mwizi wa ndizi zile zile alishtakiwa, na kila tulipohama niliwauliza: nini kimebadilika katika maneno yao? Mikono iliinuka kila upande. Mmoja alisimama kwenye kiti bila ruhusa. Mimi nilisahau viatu, nikasahau jopo, nikasahau kwamba nje ya ukuta alikuwapo mtu ambaye hajawahi kunisikia nikipaza sauti tangu niolewe, na ambaye sasa alinisikia nikiwa hakimu. Nilipomhukumu mwizi wa ndizi kifungo cha kuandika insha, afisa wa Pwani nyuma ya darasa alikuwa anapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya ushungi wake.

Kengele ilipolia watoto walisema "Aaah!" kwa sauti moja. Nimefundisha miaka mingi na hiyo ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote.

Makamu mwenyekiti alisoma matokeo akiwa amesimama mlangoni, haraka haraka, jicho moja likiwa kwenye jua. Alisoma alama za kila mtu wazi, kama inavyotakiwa. Jina langu likawa la kwanza. La pili, nyuma kidogo tu, likawa la yule mwanamume wa pikipiki.

"Mimi sikubali," msichana wa kucha nyekundu alisimama. "Ni bibi ya mtoto wa chairman! Tutasemaje hiyo ni haki?"

Nilimtazama baba mkwe. Hakuweza kunitetea, na akijaribu ataharibu. Alishika kofia yake tu. Mimi nami, mwenye mdomo wote huu, shahidi wangu angekuwa nani? Afisa akauliza kama kuna mwingine mwenye malalamiko au la kusema.

Mwanamume wa pikipiki akasimama. "Nina la kusema mimi, kwa sababu kama kuna aliyeibiwa hapa ni mimi niliye wa pili." Watu wote wakamgeukia. "Huyu mzee ameketi nami tangu asubuhi. Hajaingia huko ndani, hajashika simu, hajaongea na mtu yeyote wa jopo. Hata alipoenda msalani tulienda pamoja, maana na mimi nilikuwa na wasiwasi kama huyu binti." Kicheko kidogo kikapita. "Na huyo mwalimu nimemsikia akifundisha. Wote tumemsikia. Amenishinda. Andikeni hivyo."

Msichana akaketi, na nilipopita karibu yake akasema, "Sorry madam. Huku nje tumezoea vibaya." Nikamwambia ningekuwa yeye ningesema vilevile, na kwa sauti kubwa zaidi.

Halafu nikapiga kigelegele. Sikupanga. Kilitoka tu, kirefu, kikapanda juu ya paa la shule, na watoto wa Kidato cha Tatu waliokuwa wakienda nyumbani wakakipokea kutoka getini. Makamu mwenyekiti alinikumbatia na vumbi lake lote. Afisa alinishika mikono miwili, akaniambia siku moja nimfundishe orodha ya watu nisiopaswa kuwapa mkono, asije akanikosea. Nilimpigia mume wangu simu nikashindwa kusema, nikawa ninapiga kelele tu, naye huko dukani akapiga kelele bila kujua ni kwa nini. Nilivua viatu. Nilitembea kwenye nyasi za serikali kwa miguu mitupu, mwajiriwa wa serikali, na nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu analijua hilo, tumeshagombana juu yake.

Nikafika getini. Yule mwanamume alikuwa anafunga faili yake ya plastiki nyuma ya pikipiki kwa mpira, kwa uangalifu, asije akakunja pembe.

"Hongera, mwalimu," akasema.

Nilijua kilichokuwa ndani ya ile faili kwa sababu ndicho kilichokuwa ndani ya yangu. Nilitaka kusema asante, nikaona ni neno dogo. Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Nina Kidato cha Nne kule Kenyenya. Wana mtihani mwaka huu na nikiondoka wanabaki bila mtu. Naweza kumpigia mwalimu mkuu wangu sasa hivi. Lakini ni kazi ya bodi. Mshahara wenyewe..." Sikumaliza. Nilisikia ninavyosikika, mtu aliyeshiba anampa mwenzake ukoko wa chungu, na uso ukanichoma. Nikafungua mdomo kumwomba radhi.

Alikuwa ameshapanda pikipiki, imewaka. Aliikalia hivyo kwa muda, akitazama barabara ya Kisii. Kisha akaizima, akashuka, akafungua ule mpira, akatoa kalamu kwenye faili.

"Riwaya yao ya mtihani," akaniuliza, "umewafikisha sura ya ngapi?"